Kifuniko cha Miwani

Chake Chake, 8 Agosti 2024

Kwa Babu yangu, Shehe Hamood bin Nizar, Gando.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakushika miguu, Babu. Haitham, jirani yako, kaniambia kifua kilikubana wiki iliyopita nawe ukakataa kulala, ukaenda kusomesha vivyo hivyo. Yeye ndiye mchukuzi wa barua hii, kama ada, na kanicheka mbele ya wenzangu: "Hawa wawili huandikiana kama serikali ya zamani. Simu ipo, lakini babu mtu asema simu haina adabu." Nimemjibu kuwa mkewe akijifungua, habari nitampelekea kwa barua, aone raha yake.

Babu, nina swali, na nataka unijibu kama unavyowajibu watu wazima.

Tumeanza mazoezi katika wodi ya wazazi. Chuo kimepata miwani ya kuvaliwa na wanafunzi. Pembeni ina jicho dogo la kamera, na sikioni hukaa kidude cha kusikilizia. Ninachokitazama mimi, mwalimu wetu Bi Rumana hukiona papo hapo kwenye kioo chake, chumba cha pili, naye huniambia sikioni: sogeza mkono, kandamiza hapo, muulize anahisi nini. Yeye ni mmoja na vitanda ni vingi. Kwa miwani hii huwa kama amesimama nyuma ya kila mmoja wetu. Picha hazihifadhiwi, na mgonjwa huulizwa kwanza. Akikataa, tunavua.

Wanawake wa kwetu wanakataa, Babu. Hata Maha wa Haitham, ambaye atakuja kujifungulia hapa, kaniambia: "Wewe nakukubali, nimekubeba mgongoni huna jino. Hilo jicho lako la pembeni silijui ni la nani. Muulize Shehe. Akisema yafaa, na mie nimekubali."

Basi nakuuliza: yafaa?

Mjukuu wako,
Raniya


Gando, 7 Mfunguo Tano 1446

Kwa mjukuu wangu Raniya.

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shukrani ni za Mola aliyekujaalia kuuliza kabla ya kutenda. Wengi siku hizi hutenda kwanza, kisha huja kwangu kutafuta udhuru.

Swali lako nimelikalia siku kadhaa. Nimerejea niliyosomeshwa na walimu wangu juu ya sitara na juu ya dharura, na nimeyapima pamoja. Tabibu huruhusiwa kutazama kwa kadiri ya haja, wala hapiti hapo. Mwanafunzi ana hukumu ya tabibu, kwa kuwa bila kujifunza hapatakuwa na tabibu kesho. Mwalimu wako ni mwanamke na hutazama kwa kufundisha. Kwa hayo naona miwani yafaa, kwa masharti. Mzazi aulizwe na aridhie kwa ulimi wake. Kioo kisitazamwe na mwanamume. Na la tatu, ambalo naliona zito: ifikapo saa ya kujifungua kwenyewe, mzazi akiwa amefunuliwa, ulifunike jicho lile mpaka asitiriwe tena. Sikio libaki wazi, mwalimu akuelekeze kwa maneno. Macho yako mwenyewe yatosha kwa haja, na linalozidi haja hatukuruhusiwa.

Usije ukahangaika kutafuta cha kufunikia. Haitham ameshaamua kuwa mtoto ni wa kiume na ameniagiza kofia. Kichwa bado kimo tumboni, na kofia tayari ina mwenyewe. Katika kitambaa cha kofia hiyo kilibaki kipande, nami nimekishona kifuniko kidogo chenye uzi wa kukazia. Nimekitia vitobo kama vya kofia yenyewe, kwa kuwa mkono wangu haujui kushona namna nyingine. Kitumie kwa nia njema.

Nimewaambia watu msikitini kuwa wake zao wasiikatae miwani kwa masharti hayo. Wengi wameridhika.

Babu yako,
Hamood bin Nizar


Chake Chake, 16 Agosti 2024

Babu yangu,

Assalaam alaykum. Kifuniko kimefika na kinakaa sawasawa, kama umewahi kuipima miwani. Maha alikuja kliniki jana, nikamwonesha. Kakigeuzageuza, kasema: "Hiki kizuri kuliko kofia ya mume wangu ya Iddi." Karidhia.

Bi Rumana sijamwonesha bado. Ni mkali juu ya vifaa vya chuo, hata kuifuta miwani kwa ushungi hataki. Nitamtafutia wakati mzuri nimweleze. Neno lako nimelishika, Babu, na nimepata utulivu niliokuwa sina.

Raniya


Chake Chake, 2 Septemba 2024

Babu,

Assalaam alaykum. Barua hii naipeleka kwa mkono wa Mzee Ridha, dereva. Haitham yupo hapa hospitali.

Maha amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto mzima, analia kwa nguvu. Baada ya kuzaa Maha alivuja damu nyingi sana. Walimkimbiza chumba cha upasuaji. Yuko hai, alhamdulillah. Lakini kizazi kimetolewa, Babu. Ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumwokoa.

Nilikuwa naye mimi. Mkunga wa zamu alikuwa ameitwa kwa mzazi mwingine, na Bi Rumana kwenye kioo chake hakuweza kuona yaliyokuwa yakitokea.

Haitham amekaa kwenye benchi la nje tangu alipotoka kuzungumza na daktari. Nilimpelekea chai, akaniambia, "Weka hapo." Mpaka nilipoondoka ilikuwa pale pale.

Niombee dua. Usinijibu haraka, pumzisha kifua chako.

Raniya


Gando, 5 Mfunguo Sita 1446

Kwa mjukuu wangu.

Waalaykumus salaam. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Aliyepewa uhai baada ya kuukaribia mlango wa kutokea hana budi ashukuru, na sisi pamoja naye. Maha ana umri mdogo. Haitham alikuwa akiniambia atajaza safu nzima ya msikiti kwa wanawe.

Usijilaumu. Wewe ulitimiza masharti yote. Chombo ndicho kilichokhini saa ya haja, kikapofuka pale kilipotakiwa kuona. Ijumaa nimewaambia watu hivyo. Nimesema kuwa nilikuwa nimeiruhusu miwani ile, na sasa nimeona haina amana. Mwanamke asikabidhi roho yake kwa chombo kinachozimika chenyewe. Wapo waliotoka wakisema wake zao watazalia nyumbani kwa mkunga wa mtaa, hospitali hawaendi tena. Hilo sikulisema mimi, lakini nimelisikia na sikulikataza.

Haitham alirudi juzi kuchukua nguo za mtoto. Aliswali nyuma kabisa akaondoka kabla ya dua. Nimemsamehe kwa alilonalo moyoni.

Jipe moyo. Mtu aliyetii hana la kuogopa.

Babu yako,
Hamood bin Nizar


Chake Chake, 18 Septemba 2024

Mheshimiwa Shehe Hamood bin Nizar, Gando.

Assalaam alaykum. Mimi ni Rumana, mwalimu wa wakunga, namfundisha mjukuu wako. Hatujaonana, na naomba radhi kukuandikia bila kutambulishwa. Nimeona nikuandikie wewe kwa sababu Raniya hamsikilizi mtu mwingine.

Raniya amewekwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo na huenda akafukuzwa. Siku ya kwanza alituambia miwani ilizimika. Haikuzimika, Shehe. Tumeipima, haina kasoro. Mbele ya kioo nilikuwepo mimi. Mtoto alipokaribia kutoka, picha yake iliingia giza. Halikuwa giza tupu. Lilikuwa na vitobo vidogo vya mwanga, vimepangwa duara ndani ya duara, vizuri kabisa, kama mtu ameinua kofia mpya akaitazama taa kwa ndani. Sauti ilikuwa ikifika. Nilimsikia akisema, "Tulia Maha, nishalifunika."

Nilimwita sikioni: "Raniya, sioni. Hali vipi?" Akanijibu: "Mzima, mwalimu. Kondo limetoka. Nimemfunika." Nami nilikuwa na wanafunzi wengine kwenye kioo. Nilipaswa kuinuka hapo hapo. Nilichelewa, na hilo nimelieleza kwenye kamati kwa ulimi wangu. Damu ilikuwa ikijikusanya chini ya kanga. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hajui kiasi cha damu kwa kutazama ukingo wa kanga. Mimi ningejua kwa kutupa jicho mara moja, na ningemwambia asugue tumbo na aite watu.

Tunamuuliza: kwa nini ulifunika? Nani alikuambia? Hajibu. Anasema tu, "Kosa ni langu." Kamati inamwona jeuri. Mimi naona anamficha mtu. Akisema kweli, huenda akahurumiwa. Nakuomba, Shehe, mwambie aseme.

Jambo la pili ni zito zaidi kwangu. Tangu mwanzo wa mwezi huu wazazi kutoka upande wenu wamepungua sana kliniki. Wiki iliyopita aliletwa mmoja akiwa amechelewa, na mtoto hatukumpata. Wenzake wanasema wamekatazwa na wewe. Sikuamini.

Wako katika kazi,
Rumana Yussuf


Gando, 16 Mfunguo Sita 1446

Raniya,

Waalaykumus salaam kabla hujanisalimu. Nimepata barua ya mwalimu wako. Nijibu jambo moja, bila kunistahi na bila kunihurumia: kile alichokiona kwenye kioo ni mkono wangu?

Babu


Chake Chake, 23 Septemba 2024

Babu yangu,

Assalaam alaykum. Ndiyo.

Nilikivuta kifuniko pale pale uliponiambia, mtoto alipoanza kuonekana. Maha alinishika mkono akacheka kidogo katikati ya uchungu, akasema, "Haya, sasa tumebaki wawili." Mtoto akatoka. Kondo likatoka. Nikamfunika Maha kwa kanga mbili, kama tunavyofanyiwa wanawake kwetu, nikamshughulikia mtoto. Sikuufungua ule uzi, Babu, kwa sababu nilijiuliza: je, ameshasitirika vya kutosha, au bado? Nikasema nisubiri kidogo. Bi Rumana aliponiuliza hali, nilimtazama Maha usoni tu. Uso wake ulikuwa mweupe nikadhani ni uchovu.

Nilipofunua kanga ya chini, nilipiga kelele ambayo hadi sasa naisikia.

Kwako sikusema uongo kamili. Niliandika kuwa mwalimu hakuweza kuona, nikajua utaelewa vingine, nikakuacha uelewe hivyo. Uliposema Ijumaa kuwa chombo kina khiana, niliusoma waraka wako chooni ili wenzangu wasinione. Kwa chuo nilisema uongo wa wazi. Wakigundua kuwa ni fatwa yako, watasema mashehe wa Pemba wanaua wazazi. Watalisema kwenye simu zao kila mahali. Wewe umesomesha kwa miaka mara mbili ya umri wangu. Mimi ni mwanafunzi, nikifukuzwa nitauza vitumbua. Jina lako likivunjika, huna umri wa kulijenga tena.

Niache nilibebe hili, Babu. Nakuomba.

Raniya


Gando, 24 Mfunguo Sita 1446

Kwa Bi Rumana binti Yussuf na wenzake wa kamati.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, naandika haya nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu.

Kitambaa kile nilikishona mimi. Sharti la kufunika jicho wakati wa kuzaa nililitoa mimi, na mwanafunzi wenu alinitii kama alivyofunzwa kunitii tangu anajifunza alifu. Kutii kwake kusihesabiwe jeuri. Kunyamaza kwake kulikuwa ni kunisitiri mimi, na katika hilo amekosea kwenu, nami ndiye niliyemfundisha kuwa sitara hutangulia.

Nilipoulizwa, nilijua hukumu za sitara. Nilichokuwa sikijui ni nini huwapata wanawake baada ya mtoto kutoka. Sikujua kuwa saa niliyoitaka jicho lifumbwe ndiyo saa ambayo mzazi huhitaji kutazamwa kuliko saa zote. Ningeweza kujua. Sote tumeamrishwa tuwaulize wenye kujua, na wenye kujua jambo hili walikuwepo: wewe, Bi Rumana, na wakunga wa mtaa wangu, ambao mmoja wao ananiletea maziwa kila asubuhi. Sikumwuliza yeyote. Nilikaa na vitabu vyangu na sindano yangu, nikaona vinatosha. Kadiri ya haja niliipima kwa kipimo changu, na haja haikuwa yangu.

Jana baada ya swala ya Ijumaa niliwazuia watu wasitoke. Nimewaeleza kuwa chombo hakikukhini. Aliyekosea ni mimi. Nimelitengua sharti la tatu. Nimewaambia wake zao waende hospitali, na mkunga ndiye wa kusema jicho lifunguliwe au lifungwe lini. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti, "Na yule mtoto aliyefariki mwezi huu, Shehe?" Nilimjibu kuwa nitaulizwa juu yake mahali pengine. Wengine walitoka bila kunipa mkono.

Kamati ikinihitaji, nitakuja Chake Chake kwa miguu yangu.

Hamood bin Nizar


Chake Chake, 9 Oktoba 2024

Babu yangu,

Assalaam alaykum. Kamati imekaa. Sikufukuzwa. Nitarudia muhula mzima wa wodi ya wazazi, na mpaka niurudie sitamgusa mzazi peke yangu. Adhabu hiyo ni kwa uongo wangu, si kwa kifuniko. Barua yako ilisomwa mbele yao, na nilitamani sakafu inimeze. Bi Rumana naye amepewa onyo. Tulipotoka alinishika bega, akasema, "Babu yako kaandika vizuri kuliko sisi wote," kisha akaongeza, "Lakini kifuniko nipe." Nimempa. Kakifungia kabatini kwake.

Maha alikuja kuangaliwa kidonda. Nilitaka kujificha, akaniita kwa jina. Akaniambia: "Mie nilijua kama nimelowa. Nilihisi vuguvugu chini yangu, nikaona haya kukwambia, nikidhani labda nimejikojolea mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni. Mimi na wewe tulionea haya kitu kimoja." Kisha akanipa mtoto nimshike. Kamwita Hudhaifa. Ana macho ya Haitham na hasira zake.

Akaniagiza: "Mwambie Shehe mie sina neno naye. Mwenye neno ni Haitham, na simsemei."

Jana amekuja mzazi kutoka Gando, wa kwanza tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bi Rumana, nikitazama tu. Alipoulizwa kuhusu miwani, akauliza, "Shehe asemaje sasa?" Bi Rumana akanigeukia. Nikasema, "Asema tumuulize mkunga." Akasema, "Basi ivaeni."

Raniya


Gando, 10 Mfunguo Saba 1446

Kwa mjukuu wangu Raniya.

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Habari za kamati nimezipokea, na naona wamekuhukumu kwa haki. Urudie muhula wako kwa utulivu. Sikuchukii kwa kunificha. Nachukia kuwa ulijifunza kwangu.

Uliandika kuwa nikivunjika jina sina umri wa kulijenga. Kweli sina. Wanaokuja kusoma baada ya alasiri wamebaki wachache, na maswali hayaletwi kwangu kama zamani. Jambo hilo limenipa nafasi ya kukaa na mama yule wa maziwa. Nilimwomba anieleze kuzaa kulivyo, toka mwanzo mpaka mwisho. Alinitazama kama niliyepungukiwa, kisha akaniambia, "Shehe, miaka yote hiyo wawaozesha watu, hujaulizia wanazaaje?" Amenieleza. Nilikuwa nikiinamisha uso, naye akawa anasema, "Inua uso, hujamaliza."

Mtoto yule wa mwezi uliopita namkumbuka katika kila sijida. Jina lake sikupata kulijua, maana hakupewa.

Kofia ya Hudhaifa niliimaliza. Nilikwenda nayo kwa Haitham mara mbili. Mara ya kwanza aliniitikia salamu akabaki anatengeneza baiskeli. Nilikaa kwenye baraza yake mpaka adhana, nikamwambia yote kwa mpangilio, kama nilivyoyaandika kwa kamati. Alipomaliza kukaza mnyororo alisema, "Nimesikia." Mara ya pili hakuwepo, au waliokuwa nyumbani waliambiwa waseme hayupo.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, nami nikifikiri nimwite Mzee Ridha aje achukue barua, Haitham akabisha hodi. Yupo mlangoni sasa hivi. Amesema, "Nasikia ipo barua ya Chake. Nakwenda huko." Nimemkaribisha akae, amesema ana haraka. Nimemtolea kahawa, haikunywewa. Nimempa kofia mkononi. Ameigeuza, ameiinua kidogo kwenye mwanga wa dirisha, akavitazama vile vitobo kwa muda mrefu. Kisha ameiweka juu ya mkeka, upande wangu.

Amenyoosha mkono kuipokea barua. Nakomea hapa, nisimcheleweshe.

Babu yako,
Hamood bin Nizar